Makarani wa Ratili na Mafundi wa Kompyuta katika Nchi ya Chai

Katika mwaka wa 1925, wakati kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipokuwa zingali zikifyeka msitu na kutia ardhini miche ya kwanza ya chai ya biashara katika vilima vya Kericho, serikali ya kikoloni ilifungua skuli ya Waafrika huko Kabianga, si mbali na mashamba hayo. Na mtu atakayeyatazama mambo haya mawili mbalimbali, moja likiwa habari ya kilimo na jingine habari ya ilimu, atakuwa ameipoteza nusu ya taarikhi ya nchi ile, kwa sababu chai na kalamu zilikua pamoja tangu mwanzo, wala moja haikuweza kwenda pasipo mwenziwe. Ardhi yenyewe walikuwa wameondolewa Wakipsigis, na sehemu yake kubwa ilitengewa kwanza maafisa wa Kiingereza waliolemazwa na Vita Kuu vya Kwanza, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na chai ikaingia mahali pake.

Sasa chai haina subira. Jani lililochumwa asubuhi sharti lifike kiwandani siku ile ile, likiwa bichi, na kabla ya kufika sharti lipimwe, na likishapimwa sharti uzito wake uandikwe mbele ya jina la mtu. Kila siku, katika kila shamba, mamia ya vikapu vilipita mbele ya mizani, na kando ya mizani alisimama karani mwenye daftari, akiandika ratili ngapi za fulani na ratili ngapi za fulani. Mchumaji, ambaye aghalabu hakujua kusoma, alikuwa na kipande chake, yaani kitambulisho, shingoni na kadi yake ya siku za kazi mkononi, ambayo mpaka ijazwe alama za siku thelathini hakustahili mshahara wa mwezi. Lakini alama hizo na ratili zile hazikuandikwa na yeye. Ziliandikwa na karani. Akikosea karani, kwa usahaulifu au kwa hiana, jasho la mtu lilipotea, na mtu huyo hakuwa na hoja ya kujitetea, kwa maana ushahidi wote ulikuwa katika daftari ambalo yeye hakuweza kulifungua wala kulisoma.

Nimelianza jambo hili mbali kwa makusudi. Ninalotaka kusimulia ni jinsi watu wa Kericho na jirani yake Bomet walivyojifunza kuzipanga na kuzisimamia kompyuta, hususa ile sehemu ya ndani iitwayo mfumo endeshi. Na itikadi yangu ni kwamba ilimu hiyo, hata inapofundishwa chuoni kwa jina la kisasa, ni mrithi halali wa ile kazi ya karani wa mizani, kwa sababu swali lililo katikati yake ni lile lile la zamani: ni nani mwenye idhini ya kuandika, na ni nani awezaye kusoma kilichoandikwa.

Kwa miaka zaidi ya thelathini chai ilikuwa mali ya makampuni na walowezi, na Mwafrika aliruhusiwa kuichuma bali si kuimiliki, isipokuwa katika majaribio machache ya mwishoni. Mlango ulifunguliwa hasa mwaka wa 1960, ilipoundwa mamlaka ya mazao maalumu, ambayo mwaka wa 1964, baada ya uhuru, ilirithiwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, ndiyo asili ya KTDA wanayoijua wakulima hata leo. Mkulima wa Bureti au Konoin, katika vilima vile vile, mwenye robo ekari ya chai akapewa nambari yake, akaanza kupeleka majani katika banda la kupimia lililokuwa karibu na njia, ambapo mizani ya springi ilining'inia kwenye boriti, na karani akaandika kilo katika kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, nakala moja kwa mkulima na nyingine kwa kiwanda. Kutoka kiwandani hesabu zilikwenda makao makuu Nairobi, na kutoka huko yalirudi malipo ya kila mwezi na, mwisho wa mwaka, bonasi, ambayo imejenga nyumba nyingi za mabati na kulipa karo za skuli katika nchi ile. Yote hayo yalitegemea tarakimu iliyoandikwa bandani, mara nyingine wakati mvua inanyesha na lori linapiga honi.

Kompyuta zilipoingia Afrika ya Mashariki hazikuja kwanza kwa watu kama hawa. Katika miaka ya 1960 zilikuwa mashine kubwa za serikali na mashirika, zilizokaa katika vyumba vyao vya miji mikuu pamoja na wataalamu wachache waliokuwa na ruhusa ya kuzigusa; nchini Tanzania serikali ilifika hata, mwaka wa 1974, kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ikaacha athari kwa miaka mingi. Hata mashine ndogo za mezani zilipoanza kuenea katika miaka ya 1980, palikuwa na kizuizi kimoja ambacho mtu wa mjini hukisahau upesi, nacho ni umeme. Katika nchi ya chai umeme ulikuwa wa wenye viwanda: Finlay walikuwa na mtambo wao wa nguvu za maji tangu 1934, na hospitali ya misheni ya Tenwek, karibu na Bomet, ilipata wake, wenye uwezo wa kilowati 320, mwaka wa 1987, kutoka maporomoko ya mto Nyangores. Kijiji kilichokuwa ng'ambo ya ua wa kiwanda kilikaa na taa ya mafuta. Kwa hiyo haishangazi kwamba kompyuta, kama mizani na daftari kabla yake, ilikaa kwanza katika ofisi iliyofungwa, na mwana wa mchumaji aliiona kwa dirisha.

Hapa inafaa kusema wazi mfumo endeshi ni kitu gani. Ni programu inayoamka kabla ya nyingine zote mashine inapowashwa. Hugawa kumbukumbu na muda wa kazi kwa programu nyingine, huzipanga faili katika diski, huitambua kibodi na printa, huitunza saa, na juu ya yote huamua ni nani aruhusiwe kusoma jambo fulani, ni nani aruhusiwe kuliandika au kulifuta, na ni nani asiyefaa hata kujua kwamba lipo. Kazi yake ni kama ya karani mkuu wa ofisi ya shamba, ambaye hachumi chai wala haipimi, lakini hakuna daftari litakalotoka kabatini wala ufunguo utakaotoka msumarini pasipo yeye. Mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka wa 1969 kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulikuwa mfumo wa watu wengi wanaotumia mashine moja, na kwa hiyo ulilijua jambo hili mapema: kila faili ilikuwa na mwenyewe, na kundi lake, na watu baki, na kila mmoja wao alipimiwa haki zake.

Lakini mfumo ambao watu wetu walikutana nao kwanza haukuwa huo. Ulikuwa MS-DOS, ulioletwa na kampuni ya Microsoft mwaka wa 1981 kwa mashine za mtu mmoja, na ambao haukuwa na mlinzi wala mwenye nyumba: yeyote aliyekaa mbele ya kibodi alikuwa na mamlaka yote, ya kuhifadhi na ya kuharibu. Katika miaka ya 1990 vyuo vidogo vya kompyuta vilifunguliwa juu ya maduka katika miji ya nchi nzima, na Kericho, Litein, Sotik na Bomet hazikuachwa nyuma. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, akisubiri matokeo yake, alipelekwa huko na wazazi kusoma pakeji, yaani programu za kompyuta moja baada ya nyingine, na pakeji ya kwanza ilikuwa MS-DOS. Mwalimu aliandika amri ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakazinakili katika daftari kama walivyozoea kunakili aya za jiografia, kisha wakakaa wawili au watatu mbele ya mashine moja, kila mtu akingoja zamu yake ya kuandika DIR na kuona majina ya faili yakiteremka katika kioo cheusi, au kuandika FORMAT A: na kusikia diski laini ikikwaruza ndani ya mdomo wa mashine. Aliyeandika C mahali pa A alijifunza siku hiyo somo ambalo hakuna kitabu kingeweza kulifundisha kwa ukali ule. Na aliyekuwa hodari zaidi aliruhusiwa kufungua zile faili mbili zilizoitwa CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, kubadili mstari mmoja, kuiwasha mashine upya na kutazama kama imekubali. Hapo ndipo usimamizi wa mfumo ulipoanza, kwa maana mtu alitoka katika kutumia tu, akaingia katika kuamrisha namna ya kutumika.

Nawaheshimu sana walimu wa vyuo vile. Wengi wao walikuwa wamejifunza kwa miezi michache tu Nairobi au Nakuru, na vitabu walivyokuwa navyo vilikuwa nakala za nakala. Lakini walibeba ilimu kutoka ofisi zilizofungwa wakaiweka mahali ambapo mtoto wa mkulima, kwa ada iliyotoka katika bonasi, aliweza kuifikia.

Nchi ile ilikuwa na adui mwingine wa kompyuta, naye ni radi. Kericho ni mojawapo ya mahali panapojulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua ya mawe na ngurumo, kwa kuwa upepo wa unyevu wa Ziwa Victoria hukutana na miinuko ile karibu kila alasiri. Na mawe hayo yanayoyararua majani ya chai yalikuja pamoja na umeme wa mbinguni ulioshuka kwa waya za simu na nguzo za stima, ukaunguza modemu na vyombo vya kugawia umeme ndani ya mashine. Fundi wa Kericho alijifunza kutazama mawingu. Ilipofika saa tisa na mbingu ikawa nyeusi upande wa magharibi, alihifadhi kazi, akazima mashine kwa taratibu zake, kisha akachomoa waya wa umeme na wa simu pia, kwa sababu aliyechomoa mmoja akauacha mwingine alikuja kukuta modemu imekufa. Stima ilipokatika kwa ghafula katikati ya kuandika, faili ziliharibika, na asubuhi mfumo uliamka ukiilalamikia diski. Ndipo aliposoma jinsi ya kuikagua diski, na kuzirudisha faili zilizoweza kurudishwa, na kuweka nakala ya kila kitu mahali pengine kabla ya jua kutua. Mafundisho haya ya kuweka akiba, ambayo vyuoni hufundishwa kama sura ya mwisho ya kitabu, katika vilima vile yalikuwa sura ya kwanza.

Baada ya intaneti ya biashara kuanza Kenya mwaka wa 1995, na baada ya shirika la posta na simu kugawanywa mwaka wa 1999, yalikuja maduka ya saiba, na pamoja nayo enzi ya Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka wa 2001 na kuendelea kuishi katika saiba za mashambani muda mrefu hata baada ya Microsoft kuacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. XP ilikuwa na akaunti za watumiaji na ngazi za idhini, lakini kwa kuwa programu nyingi zilikataa kwenda pasipo ruhusa ya msimamizi, karibu kila mtu alikaa mbele ya mashine akiwa msimamizi, na hivyo lango lililotengenezwa liliachwa wazi. Virusi vilisafiri kwa flashi kutoka skuli hadi saiba na kutoka saiba hadi ofisi ya chifu, vikijiandika wenyewe katika kila diski. Na hapo ndipo fundi kijana alipopata riziki yake: kupiga Windows upya. Aliiwasha mashine kwa CD, akaigawa diski sehemu mbili, C kwa mfumo na D kwa faili za mteja, ili siku mfumo ukiharibika tena barua na picha za watu zisalimike. Akasubiri karibu saa nzima. Kisha akaanza ile kazi ya subira ya kutafuta viendeshi, cha kadi ya mtandao, cha sauti na cha kioo, kwa sababu bila cha mtandao asingeweza kuvipakua vingine. Waliokuwa na akili ya mbali walimfungulia mteja akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu, wakabaki wenyewe na nywila ya msimamizi; na mashine za wateja hao zilirudi kwa fundi mara chache.

Wakati huo huo palikuwa na njia nyingine, iliyopitwa na wachache ila ambayo athari yake ni kubwa kuliko idadi yao. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka wa 1991 alipokuwa mwanafunzi nchini Finland, ilirithi desturi za Unix za mwenyewe, kundi na watu baki. Na Ubuntu, iliyotolewa mwaka wa 2004 kwa gharama za Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ilipelekwa kwa posta hadi mwaka wa 2011, katika CD zisizolipiwa, kwa yeyote aliyeomba, na hili lilikuwa jambo kubwa mahali ambapo kupakua mfumo mzima kwa waya wa simu kungechukua siku kadhaa na fedha nyingi. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na mwishoni mwa 2005 Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Nasikitika kwamba kazi hizo njema hazikuota mizizi katika madarasa ya Kenya, kwa kuwa mitihani ilibaki katika Kiingereza na mwalimu hakuthubutu kumfundisha mwanafunzi kwa maneno ambayo mtahini hatayauliza. Lakini Linux ilifundisha jambo ambalo XP ilificha. Mwanafunzi aliyeorodhesha faili zake aliona kando ya kila moja zile herufi za r, w na x, yaani idhini ya kusoma, ya kuandika na ya kutekeleza, na akaona kwamba hata yeye, katika mashine aliyoiwasha mwenyewe, hawezi kugusa faili za mfumo mpaka atamke nywila na kitendo chake kiandikwe.

Siku hizi ilimu hii ina makazi yake rasmi. Katika mtaala wa sekondari wa vidato vinne, Somo la Kompyuta liliweka mada ya mifumo endeshi katika Kidato cha Kwanza. Mitihani ya taifa ya vyuo vya ufundi, kama vile Sot katika Bomet, imekuwa na karatasi yake juu ya mifumo hiyo. Na pale Kabianga, penye ile skuli ya 1925, pana chuo kikuu tangu 2013, baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi kwa miaka minne. Bomet nayo ilipata chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2017.

Maarifa yakienea, dhima nayo hukua, na hapa nina jambo linalonisumbua. Tangu taarifa za kodi, vyeti, maombi ya vyuo na mikopo ya wanafunzi yahamishiwe katika intaneti, mzee asiyejua kibodi humwendea mwenye saiba, na mwenye saiba humfungulia akaunti, humtungia nywila, na mara nyingi huiandika katika daftari lake mwenyewe ili mzee akirudi mwakani wasianze upya. Nia ni ya huruma. Lakini daftari hilo limelazwa juu ya meza mahali ambapo kila mteja hupita, na ndani yake mna funguo za mali na majina ya watu wa vijiji vizima. Karani wa mizani alishika ratili za mchumaji. Huyu ameshika kila kitu. Kijana anayefunzwa kusimamia mfumo afunzwe pia kwamba nywila ya mtu ni amana, na kwamba kumfundisha mzee kuikumbuka mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima, ni sehemu ya kazi aliyolipwa.

Bandani nako mambo yamegeuka. Mizani ya springi imeondoka katika mabanda mengi ya KTDA, na mahali pake pamekuja mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na kimashine cha mkononi. Gunia likitundikwa, uzito huingia wenyewe pamoja na nambari ya mkulima, risiti hutoka, na hesabu za siku hupelekwa kiwandani bila kuandikwa mara ya pili kwa mkono. Faida yake ni dhahiri, kwa sababu tarakimu haipiti tena katika kalamu nyingi. Hata hivyo kile kimashine ni kompyuta, kina mfumo endeshi wake, kina saa inayoweza kurekebishwa na akaunti zenye ngazi, na zile seva zinazopokea hesabu zina msimamizi mwenye nywila iliyo juu ya nywila zote. Mwezi wa Mei 2023 vijana wa Kericho walizichoma moto mashine za kuchumia chai zilizochukua kazi za mikono, na ulimwengu uliona moshi. Mabadiliko ya mizani yalikuja bila moshi, ingawa yanamgusa kila mwenye nambari ya mkulima.

Mifumo hii hutunza daftari la matukio, ambamo huandikwa ni akaunti ipi iliyoingia, saa ngapi, na ilibadili nini, nalo hubaki na maana maadamu msimamizi si mtu mmoja anayeweza kuandika tena juu ya aliyoyaandika mwanzo. Viwanda vya wakulima wadogo ni makampuni yenye wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima wenyewe, na katika mikutano ya mwaka husikika maswali ya bei, gharama ya kuni, usafirishaji na bonasi. Leo wako katika vijiji vile vile, waliosomeshwa kwa fedha ya majani yale yale, vijana wanaoweza kulisoma daftari la matukio mstari kwa mstari. Waitwe mkutanoni, waulize ni nani anayeshika nywila ya msimamizi, ni nani wa pili anayemkagua, na nakala za akiba huwekwa wapi. Na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na majina na tarehe.